Mabinti wa Malkia

Jumatatu, 2 Machi

Leo nimerudi maabara. Mlinzi wa getini alinyoosha mkono anisalimie, akakumbuka, akaurudisha mfukoni. Nilijifanya sikuona. Dawa nilimaliza mwezi uliopita na makohozi yangu yako safi tangu mwaka jana, lakini watu hawaoni makohozi ya mtu. Wanaona mashavu yaliyobonyea na nguo zinazoning'inia.

Profesa ndiye aliyenikumbatia, tena mlangoni, mbele ya wote, akanishikilia kidogo zaidi ya kawaida ili kila mtu aone. Kisha akasema, "Umechelewa. Malkia wanakusubiri." Ndivyo alivyo mama huyu. Pole yake huja imevaa koti la kazi.

Nyuki wetu si wale wa asali wanaojulikana na kila mtu. Hawa ni wanene, wana manyoya mwili mzima kama waliotoka kwenye baridi, na wakulima wa nyanya huwaweka kwenye mabanda ya plastiki wayatikise maua. Hapa kazini tunawaita manyoya tu. Msimu huu tutawadunga baadhi ya malkia bakteria waliochemshwa wakafa, na wengine maji ya chumvi matupu. Halafu tungoje watage, watoto wakue, tuwapime watoto. Swali la Profesa ni jepesi kulisema: mama akishakutana na ugonjwa, je, mabinti zake huzaliwa wamejiandaa?

Nimenunua daftari hili kwa sababu jioni nyumba ni kimya mno. Binti yangu ana miaka saba sasa. Nilimwita Chiriku tangu alipojua kusema, maana hakunyamaza tena. Dada yangu alimchukua Mei mwaka jana, siku niliyokohoa damu kwenye sinki. Niliambiwa ni kifua kikuu. Nilimuaga mtoto kupitia kioo cha dirisha la gari, nimejifunga kitambaa usoni. Akanionyesha ulimi. Nikacheka hadi kikohozi kikanipigisha magoti.

Dada amesema atamleta likizo ya Aprili.


Jumanne, 3 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la stoo linavuja palepale.


Alhamisi, 5 Machi

Leo tumedunga malkia. Kazi hii inataka mkono usio na haraka. Unamlaza nyuki juu ya barafu mpaka anyong'onyee, kisha unapitisha sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele, kati ya pingili mbili za tumbo. Chumba kina taa nyekundu peke yake, kwa kuwa manyoya hawaioni rangi hiyo. Kwao ni giza, kwetu ni kama kukaa ndani ya nyanya.

Mwenzangu wa meza ya pili tunamwita Kinanda. Huimba kwa pua kutwa nzima, na nyuki wakivuma hujui nani ameanza. Aliniuliza hao bakteria wafu wanamfanya nini malkia. Nikamwambia hawamfanyi kitu, ila mwili wake haujui kwamba wamekufa. Mwili unapiga kengele. Seli za kwenye damu zinakwenda kuwameza wavamizi, palipotobolewa panaganda na kuwa peusi kama lami, na damu inajaa sumu ndogondogo za kuua bakteria. Nyuki hana kinga kama yetu, ya kumtambua adui mmoja mmoja kwa sura na kumtengenezea silaha yake. Anapigana na alichonacho.

"Kama mimi na mama mkwe," akasema Kinanda.

Lakini chai yake alikwenda kuinywea koridoni. Jana pia.


Jumapili, 8 Machi

Nimempigia Dada saa ya chakula cha mchana ili nimpate mtoto.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Shule inaendaje?"

"Vizuri."

"Leo mmekula nini?"

Kimya. Nikamsikia Dada akinong'ona. Kisha Chiriku akasema, "Chakula."

Chakula! Mtoto aliyekuwa akikusimulia wali alioula anaanza na rangi ya sufuria, anapita kwa paka wa jirani, anamaliza jua linazama na wali hujausikia bado. Nikamuuliza kama amenikumbuka. Akasema ndiyo. Nikamuuliza anataka nimletee nini. Akasema chochote. Halafu akageuza kichwa, nikasikia sauti yake halisi, kubwa, ileile ninayoijua: "Mama, maziwa yanachemka!"

Hakuwa akiniambia mimi.

Najua, mama mkubwa naye ni mama. Mimi mwenyewe dada mkubwa wa mama yangu nilimwita Mama hadi alipofariki. Lakini baada ya simu nilipiga deki nyumba nzima, na haikuwa chafu.


Jumatano, 11 Machi

Malkia namba nne alitaga kesho yake baada ya sindano. Amekaa juu ya mayai kama kuku, anayapasha joto kwa tumbo.


Jumatatu, 16 Machi

Kinanda na kikombe chake tena. Leo niliacha kiti wazi makusudi. Akachukua chai, akatazama kiti, akatazama mlango. Akachagua mlango.


Ijumaa, 20 Machi

Nimemuuliza Dada kama naweza kwenda kuwaona wikiendi moja tu. Ni mwendo wa siku nzima kwa basi, lakini ningeweza.

"Usije sasa," akasema. "Utamvuruga. Ndiyo kwanza ametulia."

"Nimvuruge? Mimi?"

"Usinielewe vibaya, mdogo wangu."

"Nikuelewe vipi?"

"Vumilia kidogo."

Dada ni fundi cherehani. Mumewe alifariki mapema na hakujaliwa mtoto. Alinilea mimi mama yetu alipokuwa hoi kitandani, akanisomesha kwa kushona sare za watoto wa wenzake. Sijawahi kumfikiria vibaya hata siku moja. Leo nimemfikiria vibaya.


Jumamosi, 28 Machi

Mabinti wa kwanza wametoka. Hakuna aliyewahi kuniambia, mwaka wangu wa kwanza hapa, kwamba manyoya anayezaliwa hana rangi. Anatoboa kifuko chake na kujitoa ndani akiwa wa kijivu, rangi ya fedha, amelowa, manyoya yamelala kama ya mtoto aliyeogeshwa. Anakwenda kujibanza karibu na mama apate joto. Kesho yake ana mistari yake ya njano kama wengine, na huwezi kusema alikuwa tofauti.

Kinanda alikuja akainama karibu nami tuangalie. Tulikaa hivyo hivyo, mabega yetu yakigusana. Halafu akajikumbuka, akasogea, akaona nimeona.

"Nikuulize kitu cha kijinga?" akasema. "Mke wangu amejifungua. Kichanga kina mwezi. Je, mimi nikikaa na wewe, naweza kumpelekea?"

Nilikuwa nimemwandalia maneno kwa wiki tatu, makali yote. Yakayeyuka. Nikamwambia nilipimwa mara ngapi, na kwamba mtu anayemeza dawa yake sawasawa huacha kuambukiza mapema, wala mimi sasa sina hata dawa ya kumeza. Akasikiliza kama mwanafunzi.

"Ungeniuliza siku ya kwanza," nikasema.

"Niliona haya. Nikadhani ukiona nakwenda koridoni utajua napenda hewa."

Alikunywa chai mezani. Mtoto ni wa kiume, na anasema naye anaimba kwa pua.


Jumapili, 29 Machi

Simu. "Shikamoo, Mama." "Sijambo." "Vizuri." Kimya kilikuwa kingi kuliko maneno.


Alhamisi, 2 Aprili

Msiba kazini. Mrija wa maji ya sukari uliziba tangu jana jioni katika safu moja ya visanduku, ya nyuki vibarua tuliowadunga jana mchana kwa jaribio dogo la pembeni, na asubuhi tumekuta wengi chini, miguu juu. Jambo la ajabu ni hili: waliodungwa bakteria wafu wamekufa wengi zaidi kuliko waliodungwa maji ya chumvi, na wote walikosa chakula kwa muda uleule.

Nilidhani bakteria hawakuchemka vizuri. Profesa akatikisa kichwa. "Wamekufa, usiwasingizie. Kilichowaua nyuki ni vita yenyewe. Kutengeneza kinga kunakula. Nyuki aliyeshiba analipia na hana habari. Mwenye njaa analipa kwa uhai wake." Akaokota mmoja, akamgeuza tumbo kwa kidole. "Hili lilishaandikwa na wengine zamani. Ila kulisoma ni kitu kimoja na kulifagia ni kingine."

Tunawaondoa hao kwenye hesabu. Bahati nzuri mabinti wa majaribio walikuwa safu nyingine.


Jumatatu, 6 Aprili

Shule zimefungwa. Dada amesema hamleti.

Nitaandika alivyosema ili nisije nikatia chumvi baadaye. Nilisema, "Nimemnunulia godoro jipya. Nije kumchukua lini?" Akasema, "Likizo hii haiwezekani." Nikauliza kwa nini. Akasema ana kazi nyingi za kushona. Nikasema mimi ndiye nitakayesafiri, yeye ashone tu. Akasema mtoto ana mafunzo ya ziada. Nikamuuliza, mtoto wa miaka saba mafunzo ya ziada ya nini? Nikasema, "Dada, niambie ukweli. Unaniogopa, au unamtaka awe wako?"

Akakata simu. Hajawahi kunikatia simu maishani.


Jumanne, 7 Aprili

Nimetoa nguo za Chiriku za mwaka jana kabatini, nikaona hakuna itakayomtosha. Nimezirudisha. Sijui nilitaka nini humo.


Ijumaa, 10 Aprili

Mvua kutwa. Nimepima visanduku sitini. Vidole vilikakamaa, nikavikunja, nikavikunjua, nikavikunja tena.


Jumatano, 15 Aprili

Nimemwambia Profesa nahitaji siku tatu. Akauliza ni ugonjwa? Nikasema ni mtoto. Akasema, "Nenda," kabla sijamaliza. Kinanda atalisha mabinti na kuangalia mirija. Aliapa kwa kichanga chake.

Dada sijamwambia kwamba nakwenda.


Jumatatu, 20 Aprili

Nimerudi. Begi sijalifungua bado, lakini nisipoandika leo sitaandika tena.

Nilifika kwa Dada Ijumaa alasiri. Cherehani ilikuwa ikilia ndani. Nilipogonga ikanyamaza. Alifungua mlango, sindano mbili mdomoni, akaniona, akazitoa moja moja.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja kumchukua mwanangu."

Hakunizuia. Alisogea pembeni. Ndipo Chiriku akatokea nyuma ya pazia. Amerefuka. Shingo imekuwa nyembamba, macho makubwa, kichwa kimenyolewa vizuri. Alisimama, akamtazama Dada kwanza, kama anayeomba ruhusa, na hilo lilinichoma kuliko yote. Dada akasema, "Si mama yako huyo? Nenda." Akaja. Nilimbeba kama nilivyombeba akiwa na miaka mitatu, akaniachia uzito wake wote. Uzito wenyewe ulikuwa mdogo. Alinukia sabuni na uzi mpya.

Nilitegemea aanze kusema. Hakusema. Nikamuuliza kuhusu shule, kuhusu marafiki, kuhusu jino lililong'oka. Alijibu neno moja moja huku akichezea kifungo cha blauzi yangu. Nikajisemea moyoni, basi, amenisahau. Nimekuwa mgeni anayeamkiwa.

Asubuhi ya Jumamosi niliamka na kuelekea chooni. Chiriku alikuwa ndani. Akapaza sauti, "Usiingie!" Nikangoja. Alipotoka alinipita mbio bila kunitazama, na alikuwa hajamwaga maji.

Niliona rangi ile.

Ni rangi ya chungwa iliyokolea, karibu na nyekundu. Mtu mwingine angedhani mtoto amekula kitu. Mimi nilikojoa rangi hiyo kila siku kwa miezi yote niliyomeza dawa ya kifua kikuu. Ilitia doa taulo zangu, na nilipolia ilitia doa mto. Hakuna haja ya kuambiwa na daktari. Nilikaa chini kwenye sakafu yenye maji.

Dada alinikuta hapo. Alitazama chooni, akanitazama, akafunga mlango nyuma yake, tukawa wawili mle ndani.

"Tangu lini?" nikasema.

"Novemba."

"Mlimpima alipofika hapa. Ulisema hana kitu."

"Alikuwa hana kitu kwa vipimo vile. Baadaye akaanza kukonda, jasho usiku, kikohozi kisichokwisha. Nikamrudisha hospitali. Wakakiona."

"Na mimi ukanificha!"

"Wewe Novemba ulikuwa wapi?" Sauti yake ilipanda. "Ulikuwa umelazwa mara ya pili, huli, hutaki kusema na mtu. Nilikuja kukutazama, nikasimama dirishani. Unakumbuka ulichoniambia? Ulisema mtoto akiipata hii kitu, wewe hutaishi. Ulisema mwenyewe, kwa mdomo wako. Nikatoka pale nina habari mfukoni. Ningeitoa vipi?"

Sikumbuki kusema hivyo. Lakini ninaamini nilisema.

"Nilingoja upone," akasema. "Ukapona. Nikasema basi amalize dawa kwanza, nikukabidhi mtoto mzima. Wakati wote nikijua ukimwona tu utajua. Ndiyo maana nilisema usije." Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Na wewe ukaniuliza kama namtaka awe wangu."

Nilitaka kumpiga, nilitaka kumbusu miguu, vyote kwa pamoja. Nilikaa tu kwenye maji yale, na nikafikiria malkia wangu wa maabara. Wao labda wanawaachia mabinti zao kinga. Mimi nilimwachia wangu ugonjwa.

Mlango ukasukumwa kidogo. Chiriku alikuwa amesimama, mikono nyuma.

"Mama Mkubwa, mimi sikusema," akasema. "Sikusema hata kidogo. Ameona mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoelewa kimya chote kile cha Jumapili. Mtoto yule alikuwa na siri kubwa kuliko kifua chake, na hajui kusema kidogo. Kwa hiyo aliacha kusema kabisa, isije ikamponyoka. Ukimuuliza amekula nini, dawa iko ndani ya jibu. Ukimuuliza shule, kuna siku alizokosa. Kila mlango ulikuwa na kitu nyuma yake. Akaifunga yote.

Nilimvuta. "Sasa unaweza kusema," nikamwambia.

Alinitazama, akamtazama Dada. Dada akaitikia kwa kichwa.

Jamani! Tulikuwa chooni bado. Alianza na vidonge, kwamba vinayeyuka kwenye kijiko na vina ladha ya tunda la uongo. Akaja kwa muuguzi mwenye pengo. Akaeleza alivyotapika juu ya suruali ya mteja wa Mama Mkubwa, na Mama Mkubwa akaifua na kuirudisha, na mteja akasema inanukia vizuri kuliko mwanzo. Dada alikuwa analia na kucheka. Mimi pia. Mtoto alikasirika, akasema hajafika mahali pa kuchekesha.

Mchana nilimwona Dada akimpa chakula. Alimtengea sahani kwanza, akakaa mbele yake, akala naye tonge kwa tonge. Chiriku akipunguza mwendo, naye anapunguza. Akisimama, Dada anajifanya ameona kitu dirishani, kisha wanaendelea.

"Daktari aliniambia dawa peke yake haitoshi," akasema bila kunitazama. "Mwili unapigana, na unapigana kwa chakula. Nimeacha oda za harusi mbili. Siwezi kushona na kula polepole kwa wakati mmoja."

Nilikuwa nimelifagia somo hilohilo wiki mbili kabla, miguu juu.

Jumapili nilisema namchukua. Dada alisema, "Amebakiza mwezi na siku kidogo. Hapa wanamjua, muuguzi anamjua, saa yake ya dawa anaijua. Ukimhamisha katikati akapoteza siku, utajisamehe?" Hakusema kwa kunikomoa. Alisema kama fundi anavyosema kitambaa hakitoshi.

Nikapanda basi peke yangu. Chiriku alikimbia kando ya basi akisema kitu kirefu. Dirisha lilikuwa limefungwa, injini inanguruma. Sikusikia hata neno moja, na mdomo wake ulikuwa ukienda tu, ukienda.


Jumanne, 21 Aprili

Mabinti wote wazima. Kinanda aliweka sukari kuzidi kipimo. Profesa amemgombeza, mimi nimemshukuru.


Jumapili, 26 Aprili

Simu imechukua saa moja na nusu. Sikio limekuwa la moto. Nilipata nafasi ya kusema "ehe" na "halafu".


Ijumaa, 8 Mei

Leo tumepima. Jana tuliwadunga mabinti wote bakteria wafu, tukangoja siku nzima miili yao ijibu, na leo tukachukua tone la damu kwa kila mmoja. Si nyekundu, ni maji tu, yenye rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili. Tone unaliweka kwenye kitundu katika sahani ya jeli iliyopandwa bakteria hai, sahani inakwenda kwenye kabati la joto. Bakteria wanaota na kuifanya jeli kuwa na ukungu. Damu yenye nguvu ya kuua inaacha duara safi lililoizunguka. Duara likiwa pana, kinga ni kubwa.

Majibu kesho.


Jumamosi, 9 Mei

Kabati tulilifungua watatu. Profesa alisoma vipimo, Kinanda akaandika, mimi nikashika rula. Hatukujua sahani ipi ni ya nani, namba zilifichwa makusudi. Zilipofunuliwa, Profesa alivua miwani.

Mabinti wa malkia waliodungwa bakteria wana maduara mapana zaidi. Si wote, na si kwa tofauti ya kutisha, lakini ipo. Wengine wameshaona hivi. Sisi tumeona kwa macho yetu, kwa makundi yetu.

Kinanda aliimba kwa mdomo wazi. Mimi nilikwenda stoo nikasimama chini ya paa linalovuja. Profesa akanifuata. Nilikuwa nimemweleza habari za Chiriku niliporudi.

"Usiwaonee wivu nyuki," akasema.

"Siwaonei."

"Unawaonea. Sikiliza. Malkia hamjui binti yake hata mmoja. Hajui kama amempa kitu. Wewe mwanao amepata dawa, amepata chakula, amepata mtu wa kukaa mbele yake. Ni nani aliyempeleka kwa mtu huyo?"

"Ugonjwa."

"Ugonjwa ungemweka kitanda kimoja na wewe. Wewe ulimweka kwenye gari." Akatazama juu. "Hili paa nitaandika barua ya nne."

Usiku huu usingizi umenijia mapema.


Jumatano, 20 Mei

Mvua imepungua. Kundi la malkia namba nne limezeeka, wanakufa wachache kila siku. Ndiyo kawaida yao.


Jumapili, 24 Mei

Chiriku ameuliza godoro lina rangi gani. Nikasema buluu. Akauliza buluu ya aina gani. Tumezungumzia buluu mpaka salio likaisha.


Jumatatu, 1 Juni

Nimemchukua. Jumamosi alipimwa, muuguzi mwenye pengo akamwambia amemaliza, akampa mkono kama watu wazima. Nyumbani Dada alikuwa ameshashona magauni matatu, yote yana nafasi ya kukua. Alimfungia kila kitu, hadi kijiko alichokuwa akinywea dawa, kisha akakitoa, akakiweka tena kabatini kwake.

Kituoni hakuja. Alisema ana oda. Tulipokuwa tunaondoka cherehani ilikuwa ikilia kwa kasi, na nilipogeuka dirishani nikaona hakuna kitambaa chini ya sindano.

Chiriku alisema njia nzima. Tulipokaribia kufika alinyamaza ghafla, akanilalia mapajani. Nilidhani amechoka. Nikaona sketi yangu imelowa. Machozi yake hayana rangi sasa.


Jumanne, 9 Juni

Anaamka usiku anauliza yuko wapi. Namwambia kwetu. Anasema, "Kwetu kupi?"

Nimemzaa, nimemlilia mwaka mzima, nimempata, na bado kuna sehemu yake iko mbali na inataka kwenda kwake. Nilidhani hamu ni yangu peke yangu. Kumbe nimeihamisha tu.


Jumapili, 14 Juni

Msimu umefungwa rasmi Ijumaa. Visanduku vimeoshwa, vimepangwa juani.

Leo nimepika, nikamtengea Chiriku, nikakaa mbele yake kama nilivyoona inavyofanywa. Akala matonge mawili, akasimamisha mkono.

"Mama, Mama Mkubwa sasa anakula na nani?"

Nikachukua simu, nikapiga. Dada aliitikia upesi, kama mtu aliyekuwa ameishika.

"Mnaendeleaje? Anakula?"

"Anakula. Wewe umekula?"

"Nimepika. Nimepika kingi tena. Mkono bado haujajua."

Nikaweka sauti kubwa, nikaisimamisha simu kwenye kikombe, katikati ya meza, baina ya sahani mbili. "Chukua sahani yako," nikamwambia. "Kaa."

"Nikae wapi?"

"Hapo hapo ulipo. Sisi tumeshakaa."

Tukasikia kabati likifunguliwa, mfuniko ukiwekwa chini, kiti kikivutwa. Chiriku aliinama karibu kabisa na simu.

"Mama Mkubwa, usianze haraka," akasema. "Mimi niko tonge la tatu."